Kabla hujapanda gari la Tororo, hesabu nauli

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: 

Hapa Kakuma kila wiki unasikia kijana anauliza mwenzake: Tororo kuna kazi? Jibu fupi ni kwamba kuna viwanda. Swali ambalo watu hawaulizi ni hili: ukipata kazi, utafikaje kazini kila asubuhi, na utabaki na shilingi ngapi?

Tororo ni mji uliozaliwa na reli. Njia ya treni ya kutoka Kenya inapita pale, na palepale linachepuka tawi la Mbale na Soroti, ambalo baadaye lilifika Gulu na Pakwach. Miaka ya 1950 kikajengwa kiwanda cha simiti. Kwenye vilima vya Sukulu kulikuwa na mbolea ya fosfeti. Kisha uchumi wa Uganda ukaporomoka miaka ya 1970, mbolea ikasimama, simiti ikayumba. Siku hizi simiti inatoka tena, na Sukulu kumejengwa kiwanda kipya cha wawekezaji wa Kichina. Kwa hiyo wanaosema Tororo imeamka hawadanganyi.

Lakini angalia kinachotembea katika mji huo. Treni ya abiria ilikufa miaka ya 1990. Iliyobaki ni ya mizigo. Barabara ya Malaba imejaa trela za kontena na malori ya mafuta. Mfuko wa simiti una njia yake ya kusafiri hadi Kampala. Yule aliyeujaza anasimama kando ya barabara kwenye vumbi, anangoja taksi ya watu 14 ijae, au anapanda boda boda.

Hilo lilionekana wazi mwaka 2020 wakati wa korona. Mwezi Machi serikali ya Uganda ilisimamisha usafiri wa umma. Boda boda ikaruhusiwa kubeba mizigo, abiria hapana. Malori yaliendelea kuvuka Malaba na Busia, ingawa foleni zilikuwa ndefu ajabu. Mama mwenye uchungu wa kujifungua alitakiwa kutafuta kibali ndipo apate gari la kumpeleka hospitali. Gunia la mahindi halikuhitaji kibali hicho.

Tukitaja boda boda, ujue jina hilo limetoka kwa watu wa mpaka wenyewe. Pale Busia, zamani, kati ya kizuizi cha Kenya na cha Uganda palikuwa na mwendo wa kutembea, na vijana wenye baiskeli waliwabeba watu kutoka boda moja hadi nyingine. Leo neno hilo linatumika Afrika Mashariki nzima, mpaka hapa kwetu, kutoka Kakuma 1 hadi Kakuma 4. Busia hiyohiyo utawaona pia watu wenye ulemavu wa miguu wakivusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Wao waligeuza chombo cha kuwasaidia kutembea kuwa chombo cha riziki. Mimi nawaheshimu sana.

Sasa turudi kwenye hesabu. Huu ni mfano tu, bei ya leo utaiulizia huko huko. Tuseme kibarua kinalipa shilingi 12,000 za Uganda kwa siku. Boda asubuhi 2,000, jioni 2,000. Tayari theluthi moja ya mshahara imekwenda kabla hujala. Ukifanya kazi siku 24 kwa mwezi, nauli ni 96,000. Kwa hiyo chumba kilicho karibu na lango la kiwanda, hata kikizidi kile cha mbali kwa 50,000, bado kinakuachia 46,000 mfukoni. Watu wengi hukimbilia chumba cha bei ya chini bila kuuliza kiko umbali gani.

Na kuna siku ambayo vijana huisahau. Kazi ya kutwa unaipata langoni. Ukifika, wakachagua wengine, nauli ya kwenda umeshailipa na ya kurudi unaidaiwa. Weka siku kama hizo kwenye hesabu yako. Dada zangu, ulizeni pia zamu ya usiku inaisha saa ngapi, na saa hiyo kwenye steji kuna nani. Mwendesha boda mnayemjua, mwenye kofia ya pili kwa ajili ya abiria, ana thamani kuliko anayeshusha bei.

Jambo la mwisho ni karatasi. Mkenya na Mganda wanavuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa. Kadi yako ya mkimbizi si kitambulisho hicho. Kutoka hapa kambini unahitaji kibali cha kusafiri, na kuvuka mpaka unahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi. Ulizia ofisi ya DRS kabla ya kuuza simu upate nauli. Ni kweli kwamba sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, lakini inamhusu aliyeandikishwa kule. Kuandikishwa kwako Kenya hakukufanyi mkimbizi wa Uganda. Usikubali dereva akuambie vinginevyo, yeye anauza kiti.

Kama umewahi kufanya kazi Tororo, Malaba au Busia, pita studio ukatuambie ulilipa nauli kiasi gani na ulibaki na nini. Jina lako hatutalitaja. Tutazisoma hesabu hizo kipindi kijacho, ili anayefunga begi usiku huu awe na bei za kweli za kulinganisha.

(Muziki.)