Maabara Inajuaje? Habari za Chanjo ya Mdondo na Kuku wa Singida

 Leo tuache kidogo habari za alizeti, mtama na vitunguu, tuzungumze juu ya kuku. Najua wako watakaosema kwamba kuku si mali ya kumkalisha mtu mzima kando ya redio. Haya, waulizeni akina mama wa Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni daftari za watoto hununuliwa kwa fedha ya nini. Waulizeni pia wachuuzi wanaopakia matenga ya kuku wa Singida kuyapeleka Dar es Salaam.

Adui mkubwa wa mali hiyo mnamjua. Ni mdondo, wengine humwita kideri. Kuku anazubaa, mabawa yanashuka, anahema kwa shida, kinyesi kinakuwa cha kijani, mwingine shingo inapinda. Ukiamka siku ya tatu au ya nne, banda limebaki manyoya tu. Mara nyingi huja wakati wa kiangazi kikali, kabla mvua hazijaanza. Dawa ya kumponya kuku aliyekwisha kuugua mdondo haipo. Iliyopo ni chanjo ya kumkinga kabla hajaugua.

Sasa, bwana mifugo anapofika kijijini na kichupa chake, huulizwa swali ambalo mimi naliona ni swali zuri sana: "Nani kawaambia kwamba hiyo chanjo inafaa? Mbona jirani yangu aliwanywesha kuku wake maji ya mwarobaini na pilipili, na hawakufa?"

Tulijibu swali hili polepole. Kuku wa jirani hawakufa, ni kweli. Lakini huenda ugonjwa haukufika kwake kabisa. Huenda pia kuku wake ni wale waliougua mwaka jana wakapona, na aliyepona hubaki na kinga mwilini kwa muda. Au huenda kweli ni mwarobaini. Utajuaje ni lipi kati ya hayo? Kwa kumtazama jirani peke yake huwezi kujua, hata ukikaa kwake mwaka mzima. Inatakiwa kulinganisha.

Na hiyo ndiyo kazi ya maabara. Wataalamu huchukua kuku wa umri mmoja, waliolelewa mahali pamoja na kula chakula kimoja, wakawagawa mafungu mawili bila kuchagua wanono na wadhaifu. Fungu moja hupewa chanjo, jingine halipewi kitu. Baada ya wiki chache mafungu yote mawili hupewa ugonjwa wenyewe, ule mkali, ndani ya vyumba vilivyofungwa usije ukatoka nje. Hapo hakuna maneno ya mtaani. Ikiwa wasiochanjwa wanakufa na waliochanjwa wanadonoa mtama wao kama kawaida, basi tofauti ni chanjo, kwa sababu mambo mengine yote yalikuwa sawasawa. Wale wasiopewa kitu si kwamba wameonewa bure. Bila wao jaribio zima halina maana.

Chanjo tunayoisema inaitwa I-2. Mbegu yake ni virusi vya jamii ya mdondo visivyomdhuru kuku, vilivyochaguliwa huko Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, na Profesa Peter Spradbrow na wenzake. Walichokuwa wakitafuta ni mbegu inayostahimili joto, maana chanjo za zamani zilitaka jokofu njia nzima, na nyumba ngapi za kijijini zina jokofu? Mbegu hiyo ilitolewa bila malipo kwa maabara za nchi zetu. Hata hivyo wataalamu wa Tanzania hawakuipokea kwa kuambiwa tu. Daktari Philemon Wambura na wenzake waliijaribu hapa nchini kwa kuku wa kizungu na kwa kuku wetu wa kienyeji, wakachapisha matokeo yao mwaka 2000. Siku hizi inatengenezwa hapa hapa Tanzania na Wakala ya Maabara ya Veterinari, iliyoundwa mwaka 2012.

Inatengenezwaje? Virusi havioti kama uyoga juu ya kinyesi. Vinahitaji kiumbe hai, na kiumbe chenyewe ni yai. Huchukuliwa mayai yenye mbegu kutoka kwa kuku wasio na ugonjwa, yakaatamiwa katika mashine kwa siku tisa au kumi, kisha hutazamwa kwa taa gizani. Yai ambalo kifaranga chake kiko hai huonyesha mishipa ya damu kama mizizi myembamba. Hutobolewa tundu dogo, mbegu ikaingizwa kwa sindano, tundu likazibwa kwa nta, na yai likarudishwa kwenye joto. Baada ya siku nne hivi yai hupozwa, na yale maji yanayomzunguka kifaranga yakavunwa. Humo virusi vimezaana kwa wingi.

Lakini virusi havionekani kwa macho. Utasemaje vimo, au maji ni matupu? Hapa wataalamu wana mbinu moja ambayo huwa inanipendeza. Huchukua damu ya kuku, wakaosha zile chembe nyekundu kwa maji ya chumvi, wakaziweka katika sahani yenye vishimo vidogo vidogo. Kama hakuna virusi, chembe hutuama chini kama kifungo chekundu cha shati. Kama virusi vimo, hushikamanisha chembe zile, zikatandaa kishimo kizima kama wavu wa kuvulia dagaa. Na kishimo kimoja huwekwa damu tupu, bila kitu kingine. Hicho ni shahidi. Shahidi akionyesha wavu badala ya kifungo, basi damu ile ina kasoro, na kazi yote ya siku hiyo hurudiwa.

Kwa sahani hiyo hiyo huweza kupimwa kama kuku aliyechanjwa amepata kinga. Maji ya damu yake huchanganywa na virusi. Kinga ikiwamo huvifunga virusi, na kile kifungo chekundu hurudi. Maji hayo hupunguzwa nguvu nusu kwa nusu, yaani sehemu moja kwa mbili, kwa nne, kwa nane, kwa kumi na sita, na kuendelea. Kuku ambaye kinga yake bado inafanya kazi kwenye moja kwa nane au zaidi huhesabiwa kuwa amekingika.

Kabla chanjo haijatoka hupimwa tena, kwa kupunguzwa mara kumi kwa kumi na kudungwa katika mayai mengine, kuona mpaka kiasi gani bado inaambukiza nusu ya mayai. Kila tone linatakiwa liwe na vipimo vya namna hiyo si chini ya milioni moja. Sikilizeni vizuri, nimesema kila tone. Kwa hiyo unapomdondoshea kuku nusu tone, au tone likamwagikia shavuni, au kichupa kikashinda juani juu ya baiskeli kutoka mnadani, ile milioni aliyoihesabu mtu wa maabara haipo tena. Kustahimili joto maana yake si kustahimili jua. Kiwekwe kivulini mahali pa baridi, ufuate maandishi ya kichupa, na ukishachanganya chanjo uitumie siku hiyo hiyo. Mshike kuku, dondosha tone moja kamili jichoni, ngoja apepese macho liingie. Jogoo tone moja, kifaranga tone moja. Rudia kila baada ya miezi mitatu au minne.

Kuna malalamiko mengine nayasikia: "Nilichanja, kesho yake wakafa." Ndugu yangu, mdondo hujificha mwilini siku tano sita hivi kabla dalili hazijatokea, na kinga ya chanjo huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Aliyechanja baada ya kusikia vifo kwa jirani amechelewa. Kichupa hakina lawama hapo.

Hapa mkoani kwetu, wilaya ya Manyoni, kazi ya namna hii ilitoka maabara ikaingia vijijini. Kuanzia mwaka 2014, katika kata ya Sanza na baadaye Majiri, watafiti wa Tanzania pamoja na Chuo Kikuu cha Sydney waliendesha mradi wa kuku na lishe. Wachanjaji walichaguliwa miongoni mwa wanakijiji wenyewe, wakafundishwa, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kila miezi minne, na mwenye kuku akilipa kiasi kidogo. Kijijini huwezi kumletea mtu ugonjwa makusudi uone itakuwaje, kwa hiyo njia hubadilika. Huingia nyumba nyingi, hurudi tena na tena, huuliza na kuandika: kuku wangapi, wangapi wamekufa, mayai yameliwa au yameuzwa. Hata watoto walipimwa urefu na uzito.

Kuhesabu huko hata wewe unakuweza. Chukua daftari, andika kuku ulionao leo, siku uliyochanja, na vifo vya kila mwezi.

Na ikitokea kuku wakafa ghafla, usikimbilie kuwachinja waliobaki na kuwapeleka mnadani, maana unausambaza ugonjwa. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Maabara inataka kuku aliyekufa muda si mrefu, au anayeumwa bado yu hai. Aliyeoza hapimiki. Mfunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mweke mahali pa baridi, pakiwa na barafu ni bora zaidi. Andika karatasini jina la kijiji, idadi ya kuku uliokuwa nao, waliokufa, siku ugonjwa ulipoanza, na tarehe ya mwisho ya kuchanja. Karatasi hiyo mfungie bwana mifugo pamoja na mzigo, nje ya mfuko isilowe, kisha unawe mikono kwa sabuni.