Siku 60 za Uvimbe wa Titi: Ubora wa Huduma na Pengo la Vifo katika Zoni ya Afya ya Itebero

Wakuu wa zoni ya afya, wauguzi wa vituo, mama na baba relè wa afya ya jamii kutoka vijijini,

Nchini Marekani, mwanamke Mweusi hupata saratani ya titi kwa kiwango cha chini kidogo kuliko Mweupe, lakini hatari yake ya kufa nayo imezidi kwa karibu asilimia 40. Wapo waliosema sababu ni damu. Ni kweli kwamba aina kali isiyosikia dawa za homoni huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na hilo linatugusa sisi pia. Hata hivyo, mjini Chicago, kikosi kilichoundwa kupambana na pengo hilo kilichunguza hospitali zenyewe. Kilikuta kwamba mahali walikotibiwa Weusi wengi, picha za matiti zilisomwa bila ubingwa wa kutosha na wagonjwa hawakufuatiliwa ipasavyo. Kazi ya hospitali iliporekebishwa, pengo la vifo lilianza kupungua.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Utafiti wa nchi tano, Uganda ikiwemo, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba miaka 3 baada ya kugunduliwa ugonjwa, karibu nusu ya wanawake walikuwa wamekufa. Kati ya Wazungu wa Namibia, tisa kwa kumi walikuwa hai.

Itebero hatuna Mzungu wa kujilinganisha naye. Pengo letu liko kati ya mama anayekaa kando ya barabara ya taifa namba 3 na yule wa machimboni anayeletwa kwa kipoyi. Kati ya mwenye dola za safari ya Bukavu na mama Mbuti anayeogopa kudharauliwa hata kabla hajaingia mlangoni. Tena vita: Goma ilipotwaliwa Januari 2025, wengi walipoteza njia yao ya rufaa.

Shirika la Afya Duniani linataka, pamoja na mengine, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Siku hizo hatuzipotezei barabarani tu. Mama analeta uvimbe usiouma, anapewa antibiotiki, anarudi, anapewa nyingine. Kwa anayenyonyesha, kuanza na antibiotiki kuna sababu, lakini uvimbe usipoisha baada ya wiki 2 rufaa iandikwe. Ngozi iliyovutwa ndani, chuchu iliyogeuka au kutoa damu havihitaji kungojea hata hizo wiki 2.

Jambo lingine linalokula siku ni sampuli. Hospitali yenye daktari aliyefundishwa kutumia sindano ya kukata kipande cha nyama inaweza kutuma kichupa Bukavu kabla mgonjwa hajauza mbuzi wake. Kipande kikae ndani ya formalini ya asilimia 10, yenye ujazo mara kumi ya nyama, kamwe si maji. Kikikaa humo zaidi ya siku 3, kipimo cha homoni kinaweza kuharibika. Na bila kipimo hicho hatujui nani atafaidika na tamoxifeni, kidonge cha bei nafuu kinachomezwa kwa miaka 5 au zaidi.

Tiba ya mionzi hatuna mkoani. Ya karibu iko hospitali ya Kanombe, Kigali, tangu 2019. Kuisubiri ije kwetu ndipo tuanze ni uvivu uliovaa joho la umaskini. Wilayani Burera, Rwanda, wauguzi wa vituo vya kawaida walifundishwa kupima matiti kwa mikono na kutuma wagonjwa hospitali ya Butaro, na saratani zilizokamatwa mapema ziliongezeka.

Naomba basi zoni iamue leo: kila kituo kiwe na daftari la uvimbe wa titi lenye tarehe ya kufika, ya rufaa na ya jibu, relè amfuate kijijini kila mama asiyerudi, na katika kila kikao cha mwezi tusomewe siku zilizopita, mgonjwa kwa mgonjwa, tukianza na wanaotoka mbali na barabara.