Akiba ya Chama Kidogo cha Wafanyakazi

Nimeombwa nizungumzie fedha za chama kidogo cha wafanyakazi.

Zama za NUTA, iliyoundwa mwaka 1964 kuwa chama pekee cha wafanyakazi, ada ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Siku hizi, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri hukata ada ya mwanachama pale tu mwenyewe alipojaza fomu ya kuridhia. Anaweza pia kujitoa kwa taarifa ya mwezi mmoja. Kwa hiyo mapato ya chama hupanda na kushuka.

Tuchukue mfano. Chama kina wanachama 200, kila mmoja anatoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mapato ni 1,000,000, matumizi 800,000. Kikiweka 200,000 kila mwezi, baada ya miaka miwili kina akiba ya 4,800,000. Sasa mwajiri apunguze watu 120. Mapato yanashuka hadi 400,000, na kila mwezi kuna pengo la 400,000. Akiba ile ya miaka miwili itakiendesha chama mwaka mmoja tu. Kisichokuwa na akiba kitafunga ofisi mwezi uleule.

Na ndio mwezi ambao mwanachama anakihitaji. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo hazingoji chama kipitishe mchango.

Lakini akiba isiyosomwa huzaa minong'ono, na minong'ono hufukuza wanachama. Sheria inataka hesabu zinazoishia tarehe 31 Desemba zikaguliwe, zisomwe mbele ya wanachama au wawakilishi wao, na zimfikie Msajili ifikapo tarehe 31 Machi.

Ndugu wajumbe, wapeni wafanyakazi ukumbi wa parokia wasomeane hesabu zao. Ndugu wafadhili, saidieni mafunzo ya mweka hazina na gharama za ukaguzi, lakini msiwalipie ada. Chama kinachoishi kwa fedha ya mgeni hufa mgeni akiondoka. Wahenga walisema akiba haiozi. Nami naongeza, iwe ya wenyewe.