Jiko Lisilongoja Mnada

 

Wajukuu zangu, bwana harusi na bibi harusi, wenzangu waliotangulia wamewausia upendo, heshima na kutunza siri za ndani. Sitarudia. Mimi nimekuja na habari ya jikoni. Nimekaa vikao vingi vya kusuluhisha ndoa, na kesi ambazo watu huziita za tabia, ukizifuatilia hadi zilikoanzia, mara nyingi unakuta debe tupu la mchele mwezi wa pili.

Neno langu ni moja: chakula cha nyumba kitengwe kwanza, kinachobaki ndicho kiuzwe. Wengi wetu hapa Kyela tunafanya kinyume, halafu tunashangaa.

Tuanze na mpunga. Mwezi wa sita, uani kumejaa magunia, wanunuzi wanaufuata mchele wetu hadi mlangoni, maana harufu yake inajulikana kuanzia Mbeya hadi Dar es Salaam. Bei wakati huo iko chini. Mwenye haraka anauza wote. Ikifika Februari, maji yamejaa mashambani na mpunga mpya ungali kijani, anarudi dukani kununua kwa kilo, kwa bei anayopangiwa na aliyekuwa na subira.

Basi fanyeni hesabu siku ileile ya kuvuna. Watu wawili mkila nusu kilo ya mchele kwa siku, mwaka mzima ni kilo 180 na kitu. Mpunga ukikobolewa hutoa kama theluthi mbili ya uzito wake, kwa hiyo mnahitaji karibu kilo 280 za mpunga. Ongezeni wa wageni, wa misiba na wa mbegu, mfikishe kilo 450. Huo uingie ndani kabla mnunuzi hajatundika mzani wake. Na uingie ukiwa mkavu, umeanikwa kwenye turubai na kugeuzwageuzwa. Ila msiuache juani kupita kiasi, kwa sababu punje hupasuka na mashineni zinatoka chenga. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Nchi yetu hii ya bondeni haikosi unyevu. Mkitoka mashineni rudini na pumba zenu, ni chakula cha kuku na nguruwe. Chenga nazo ni uji wa asubuhi.

Sasa kakao. Mwaka 2024, hali mbaya ya hewa na magonjwa ya miti huko Ghana na Ivory Coast yalipunguza kakao duniani, na mnadani kwetu kilo moja ikavuka shilingi 20,000. Tulifurahi, Mungu ashukuriwe. Lakini mwaka uliofuata bei ya dunia ikaanza kuteremka, na haikumuuliza mtu wa Kyela kama amekwisha kula. Fedha ya kakao ni ya bati, ada ya shule na matibabu. Msiigeuze kuwa fedha ya mboga. Msiuze kakao mbichi kwa walanguzi kwa sababu ya njaa ya wiki moja, na msing'oe migomba eti kakao ipate nafasi: mche wa kakao wenyewe hupenda kivuli cha mgomba, na mgomba ndio unaowapa chakula siku ambayo hamna shilingi.

Tena tunalima kakao na hatuinywi. Tengeni kilo moja iliyovundikwa na kukauka vizuri. Zikaangeni punje hadi ganda liachie, mpepete, mtwange kinuni zingali na joto. Mafuta yake yatatoka na mtapata donge jeusi. Likigandishwa, kipande kidogo ndani ya maziwa moto kinatosha kikombe. Mgeni wa mjini atauliza mmenunua wapi.

Kuhusu usipa, dagaa wa ziwa letu, angalieni mbingu kabla ya kuangalia pochi. Ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa, na usipa hufuata mwanga pale giza linapokuwa giza kweli. Mwezi ukiwa mpevu uvuvi unapungua na bei inapanda. Nunueni siku za giza, nunueni wabichi, muwaanike wenyewe juu ya chanja. Wanaoanikwa mchangani wanakuja na mchanga, na mchanga huo mnaulipia kwenye kipimo. Wakikauka hadi wakipinda wanavunjika, wawekeni kwenye chombo chenye mfuniko. Wakati wa mvua kubwa, barabara ikiliwa na maji, mboga iko ndani.

Mafuta nayo msiyanunue kwenye chupa kila jioni kama wapangaji. Michikichi imesimama hapo nyuma ya nyumba. Chemsheni chikichi hadi ziive, mtwange, mkamue kwa maji ya moto, kisha mchemshe yale maji na kuengua mawese yanayopanda juu. Nyuzi zinazobaki kausheni, zinawasha moto kuliko karatasi. Ile rangi nyekundu ndiyo inayolinda macho ya mtoto. Kisamvu kwa karanga na mawese, au ndizi zilizopikwa na maharage zikamaliziwa kwa mawese, ni mlo ambao hata mkwe hawezi kuusema vibaya.

Maharage nunueni ya Rungwe wakati wenzetu wa huko wanavuna, myaloweke usiku kucha, mpike kwa chungu. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe mnavipata sokoni Lyulilo, kule Matema, siku ya Jumamosi. Chungu kipya kichemshieni uji mwepesi kwanza, ili wanga uzibe vinyweleo vyake. Maharage yakianza kulainika vuteni kuni. Chungu kinashika moto, kitamalizia kazi chenyewe.

Wazee wenzangu mnakumbuka mwaka 1975, kampeni ya Chakula ni Uhai, tulivyokaa vikundi tukisikiliza redio. Tulifundishwa kwamba kushiba ni jambo moja na kulishwa vizuri ni jambo lingine. Somo lile halijazeeka. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta mkoani Iringa, wanakovuna mahindi mpaka wanauzia wengine, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ghala limejaa na mtoto hakui! Kwa hiyo, mkijaliwa watoto, wali mweupe peke yake usihesabiwe kuwa chakula. Uwe na majani ya maboga au matembele, uwe na usipa waliosagwa na mifupa yao, uwe na papai au embe. Vyote hivyo vimo ndani ya uzio wenu.

Bwana harusi, mume wangu, nisogelee kidogo. Zamani, kwa Wanyakyusa, vijana wa kiume wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, wakalala huko, lakini kula walirudi kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Kile kijiji kimekufa, ila ile tabia ya kungoja sahani bado inatembea. Ukitoka shamba moja na mkeo, jua moja, jembe moja, yeye akikaa jikoni wewe usikae barazani. Pasua kuni, parua samaki, songa ugali. Mwanamume anayejua gunia la ngapi limefunguliwa hagombani na mkewe kuhusu matumizi.

Nawe bibi harusi, binti yangu, kubana matumizi si uchoyo. Mgeni akibisha hodi mpe kilichopo kwa uso mkunjufu, naye akilala siku ya tatu mpe jembe. Usikope nyama ili kumfurahisha mtu atakayeondoka kesho na kukuachia deni. Na kila Jumapili jioni kaeni wawili, mhesabu mlichonacho ndani: mchele, mafuta, usipa, chumvi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Vyombo vya kung'aa mtapewa na wengine. Sisi bibi zenu tumeleta chungu, ungo, kinu na mchi. Chungu na ungo mpokee wote wawili. Kinu, bwana harusi, ni chako.