Kijana Asiye na Jiwe
Hotuba ya afisa wa utamaduni wa kaunti katika makaburi ya wanajeshi, Taveta

 

Mmepita kati ya mawe haya mkasoma majina. Mji huu ulikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Agosti 1914, na vita vya kuukomboa vilikuwa vikali. Kulikuwa na Salaita tarehe 12 Februari 1916, kisha Latema na Reata mwezi wa Machi. Vijana wengi, hasa wa Afrika Kusini, walianguka hapo. Tunawaheshimu, kila mmoja alikuwa mtoto wa mtu. Lakini leo nataka tumkumbuke kijana mwingine, ambaye hana jiwe.

Huyu alikuwa mpagazi. Hakupewa bunduki. Alipewa mzigo wa kilo 25 hivi: risasi, unga, mahema, wakati mwingine mgonjwa kwenye machela. Reli iliyojengwa kutoka Voi ilisaidia hadi huku kwetu, lakini vita vilipohamia Tanganyika, barabara hazikuwepo na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya kijana. Wengine walijiandikisha wenyewe. Wengine wengi, hasa mwaka wa 1917, walikusanywa kwa nguvu kupitia machifu.

Risasi haikuwa adui wake mkubwa. Alikula unga usioiva vizuri, mara nyingi chakula ambacho kwao hakikujulikana, akaharisha damu. Malaria na kichomi vikamaliza kazi. Wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza wanakadiriwa kufika karibu milioni moja, na waliokufa ni zaidi ya 95,000. Nimetaja hesabu hiyo kwa sababu ni lazima, lakini hesabu haina uso. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na boma, mifugo aliyokuwa akichunga, pengine mchumba ambaye mahari yake ilikuwa haijakamilika. Mshahara wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao.

Pale Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, kuna sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Wengi wetu huipita tukikimbilia matatu. Mtaa wa Kariokor nao umepata jina kutokana na kikosi chao. Kwa hiyo jina la kikosi tunalo midomoni kila siku. Majina ya watu ndiyo hatuna.

Mwaka wa 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi haya ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Mimi naona radhi hiyo ilikuja ikiwa imechelewa sana, lakini imefungua mlango, na kazi ya kutafuta majina katika kumbukumbu za zamani inaendelea.

Karatasi hazitatosha. Mpagazi mara nyingi aliandikwa kwa namba, na jina lake liliandikwa jinsi karani alivyolisikia. Anayejua jina lenyewe ni bibi yako aliyesimuliwa na mama yake kwamba mjomba fulani aliondoka na Wazungu asirudi. Wazee hao ni wachache sasa.

Kwa hivyo wanafunzi, mkirudi nyumbani jioni hii, kaeni na babu na bibi zenu. Ulizeni aliitwa nani, baba yake nani, alitoka kijiji gani, na ndugu zake walikuwa akina nani. Kama hawajui mwaka, ulizeni ni wakati wa njaa gani au rika gani lilikuwa limetahiriwa. Msirekebishe maneno yao. Yaandikeni jinsi yalivyosemwa, hata kama ni jina moja tu, kisha mpeleke kwa mwalimu wenu au ofisi ya utamaduni iliyo karibu nanyi.

Sasa tusimame kwa dakika moja ya ukimya. Tutageukia upande wa barabara, huko nje ya ua, kwa sababu wao hawakuzikwa humu ndani.