Mtani wa Baniani ni Nani?



Nimeombwa niseme machache juu ya mizaha tunayofanyiana kwa kabila na kwa rangi. Nashukuru kwa heshima hiyo, ingawa mada yenyewe si ya siku ya sherehe.

Ipo methali ambayo kila mmoja humu ukumbini anaijua, na ambayo kwa adabu hatuitamki mbele ya wenyewe: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nimeifundisha darasani miaka mingi. Huelezwa kwamba mtu usiyempenda aweza kukufaa siku moja. Sawa. Lakini hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza Baniani huyo alitenda ubaya gani. Methali haisemi. Ubaya wake umekwisha kuamuliwa kabla hatujafika kwenye kiatu. Neno lenyewe asili yake ni Gujarat, ambako ni jina la jamii ya wafanyabiashara. Lilipovuka bahari likawa jina la kila Mhindu, awe mchuuzi, sonara au mwashi. Huku bara likaja jina pana zaidi, Mhindi, likawameza Mhindu, Ismailia, Bohora, Kalasinga, na hata Mgoa Mkatoliki aliyepiga magoti kanisa moja na wazazi wetu.

Sisi Waha tusicheke. Enzi za ukoloni vijana wa Buha walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga, na huko wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Waliporudi, jina la dharau lilikuwa limetangulia kufika: Mha ni mshamba, Mha ni mchawi, Mha anatoka mwisho wa reli. (Reli yenyewe iliishia Kigoma mjini, Kasulu na Kibondo hata huo mwisho hatukuupata.)

Serikali ya wakati ule ilikwenda mbali zaidi, ikayaweka mafungu hayo katika sanduku la kura. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. TANU iliukubali mpango huo kwa shingo upande katika mkutano wa Tabora, Januari 1958. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, baadhi ya wajumbe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere aliwafananisha na Hitler, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Hapo hapakuwa na mzaha.

Lakini sitaki mtu aondoke akidhani nimekuja kukataza mizaha. Nchi hii imeishi kwa utani. Mhehe na Mngoni walipigana vita vikali karne ya kumi na tisa. Wajukuu wao leo ni watani. Utani ulimshangaza hata R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, hata akaacha ndege kwa muda na kuchapisha makala juu yake mwaka 1944. Mtani hukutukana hadharani, huchukua kuku wako bila kuomba, na msibani huweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Nawe hukasiriki, kwa sababu mbili: kesho ni zamu yako kwake, na yeye huyo anayekudhihaki ndiye atakayekuzika.

Ondoa sababu hizo mbili, uone kinachobaki. Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu. Wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Kijana wa Kasulu akiwa safarini huitwa Mrundi kwa kicheko. Akifika kizuizini huitwa hivyo hivyo bila kicheko, na sasa atoe kitambulisho. Neno ni lile lile. Lililokosekana ni nafasi ya kujibu. Na je, Mrundi mwenyewe, aliyeishi kambini Nduta baada ya kufunguliwa tena mwaka 2015? Tulimcheka sokoni Kibondo kwa lafudhi yake, naye hakuthubutu kutucheka. Huo hatuwezi kuuita utani.

Kwenye duka la Mhindi ni vivyo hivyo, pande zote mbili za kaunta. Upande wa nje tunaiga Kiswahili cha mwenye duka mpaka watoto wanavunjika mbavu, wala hatumwulizi alizaliwa wapi. Mara nyingi atajibu Ujiji. Upande wa ndani, mtu mwenye wajukuu amewahi kuitwa boi na kijana wa miaka kumi na miwili. Na wapo wanaomtaja Mwafrika kwa neno la Kigujarati wakidhani mpishi halielewi. Mpishi analielewa. Amelinyamazia kwa sababu ya mshahara, kama mwenye duka anavyonyamaza kwa sababu ya wateja.

Mnaona basi kwamba miaka yote hii tumefanyiana dhihaka bila kuwa watani. Tumeuziana chumvi na khanga, tumekopeshana, lakini Mhindu anapofariki, majirani husimama barabarani wakitazama gari likienda mahali pa kuchomea maiti. Hatujui kama tunaruhusiwa kufuata, na wenyewe hawajui kama tungependa kuja. Hiyo kwangu ni aibu kubwa kuliko methali ile.

Najua utani hauanzishwi kwa hotuba. Ulizaliwa vitani na safarini. Hata hivyo wazee wenzangu wa Buha wamenituma niwaulize: msibani kwenu jirani asimame wapi, avue viatu au asivue, abebe kuni au asibebe? Tunaomba jibu leo, kabla ya kuondoka.

Na yapo mengi mnayosema juu ya Waha tukiwa hatupo. Yaleteni. Mimi nitaketi kule nyuma, karibu na sinia la ladu, ambalo, kwa taarifa yenu, sina nia ya kuliombea ruhusa.