Noah ya Nyumbani: Tubaki Nayo au Tuiuze?

Mada iliyotolewa kwenye semina ya wanachama wa SACCOS ya walimu, Dar es Salaam



Nimeombwa kuzungumzia mikopo ya magari. Nitaanza na gari ambalo mwanachama tayari analo, lile analotaka kulitoa anapokuja kuchukua fomu. Kwa wengi wetu ni Toyota Noah, na mara nyingi ni ile ya kwanza, SR40, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1996. Injini yake ya lita 2 imekaa chini ya viti vya mbele, na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Imebeba wanafunzi, magunia ya mahindi, maharusi na wagonjwa. Toleo hilo lilikoma mwaka 2001, kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshavuka miaka 20.

Yetu ni mojawapo. Desemba moja tulikuwa saba ndani yake, tunakwenda Moshi kuhesabiwa. Tulipoipita Segera kiti changu kikaanza kuwa cha moto. Kutazama dashibodi, mshale wa joto uko juu kabisa. Nikaegesha chini ya mwembe, nikainua kiti, mvuke ukanipiga usoni. Tulikaa pale saa tatu. Watoto wakamaliza maji ya kunywa, mama yao akawa kimya, na mimi nilikuwa nimeshaliuza lile gari kichwani. Kabla ya jua kuzama nilimpigia dalali. Akaniuliza namba ya usajili. Nikamwambia ni namba B. "Milioni 4, mwalimu, na hapo nakusaidia."

Wenzangu, uamuzi wa namna ile ndio ninaotaka tuukatae. Siku gari limekulaza njiani si siku ya kuamua kama utaliuza.

Tuliporudi Dar, fundi alifungua rejeta akachota kilichomo kwenye kopo. Kilikuwa cha kahawia, kizito. "Mwalimu, haya si maji, ni matope." Kwa miaka mingi nilikuwa nikijaza maji ya bomba, kwa kuwa kulanti niliiona ghali. Maji yale yalileta kutu, kutu ikaziba njia za rejeta. Thermostati nayo haikuwepo. Kuna fundi aliwahi kuing'oa akidai nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Kazi inayo: ndiyo inayoifikisha injini kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto na inakunywa mafuta zaidi. Rejeta jipya, gasiketi, kusawazisha hedi, thermostati, mkanda wa taimingi, kulanti na ufundi, vyote vilinigharimu shilingi 980,000.

Rafiki zangu walinishangaa: unatiaje karibu milioni moja kwenye gari la milioni 4? Swali hilo nimelisikia hata humu ndani, na naamini limewatia wengi hasara. Bei ya gari kuukuu sokoni haikwambii lolote kuhusu faida ya kulitengeneza, kwa sababu hulitengenezi ili uliuze. Pima hivi: fedha hii ya matengenezo, ukiiweka kando ya fedha utakayotoa kwa gari jingine katika kipindi hichohicho, ipi ni kubwa?

Tupige hesabu ya kuagiza gari jingine. Chukua Noah iliyozidi miaka 10 ambayo TRA, kwa mfumo wake yenyewe wa uthamini, imeikadiria shilingi milioni 10 hadi bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Juu ya milioni 12.5 hizo unaongeza ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini isiyozidi cc 2,000, na asilimia 30 ya uchakavu. Hapo ni milioni 4.375. Kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote, milioni 3 na kitu. Kodi peke yake inakaribia milioni 10, kabla ya tozo ndogondogo. Viwango hivi hubadilika kwenye bajeti ya Juni, hivyo tumia kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti.

Wengine hawaagizi, wananunua hapahapa mjini, na hapo ndipo tunapodanganywa na herufi ya namba. Namba E inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikwambii lilitengenezwa lini. Kilomita za dashibodi nazo hurudishwa nyuma. Angalia mpira wa pedali ya breki: ukiwa umelika hadi chuma na dashibodi inasoma 70,000, ondoka. Angalia pia tairi. Tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ni wiki na mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo halifai hata kama meno yake bado yamesimama.

Halafu kuna mkopo wenyewe. Milioni 15 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayopungua, inazaa riba ya zaidi ya milioni 2.7. Kwa riba hiyo peke yake ningeirudia kazi ile ya gereji karibu mara tatu. Na makato hayasimami gari jipya nalo likiharibika.

Hata hivyo yapo magari yasiyofaa kubaki nayo, na hapa sina huruma. La kwanza ni lililooza chesesi. Hewa yetu ya bahari ina chumvi. Mwambie fundi alinyanyue gari, agonge chini kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bati na kumwaga maganda. Kama kutu imefika zinaposhikiwa springi, usichomelee kiraka ukapakia watoto. La pili ni lile ambalo breki zake zinatengenezwa na kurudia ugonjwa uleule bila fundi kueleza sababu. Ukiliuza lolote kati ya hayo, mwambie mnunuzi ukweli wote.

Kwa hiyo naiomba kamati ya mikopo mambo mawili. Kila anayeomba mkopo wa kubadilisha gari alete daftari la miezi 12 la gari alilonalo. Petroli, oili, tairi na bima ayaweke ukurasa wake, maana gari lolote litayala. Ukurasa wa pili uwe wa matengenezo, pamoja na siku ambazo watoto walikwenda shule kwa bodaboda kwa sababu gari liko gereji. La pili, alete maandishi ya fundi aliyelikagua chini. Nakala ya daftari langu nimeiacha mezani kwa katibu. Anayetaka aichukue, aanze kuandika mwezi huu.